Mtaa ukitaka hewa safi, uanze kwa kuhesabu mioto

Ukiamka alfajiri mwezi wa Julai katika mtaa wowote wa Eastlands jijini Nairobi, utaona moshi umetanda juu ya mapaa kama blanketi. Hauendi juu, hauendi kando. Wengi wetu huuita ukungu na kuendelea na shughuli zetu. Sehemu yake ni ukungu kweli, lakini kile kinachowasha macho na koo ni moshi wa makaa, wa taka zilizochomwa usiku nyuma ya ploti, na wa magari yaliyoanza kazi saa kumi na moja. Wakati wa baridi, hewa iliyo karibu na ardhi huwa nzito kuliko ile iliyo juu yake, kwa hivyo hutulia kama maji ndani ya bakuli, na kila kinachomwagwa humo hubaki humo mpaka jua lipande.

Katika miezi hiyo, foleni ya watoto wanaokohoa na kutweta katika kliniki zetu huwa ndefu. Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa mapafu, lakini karibu kila juma wazazi huniuliza swali lile lile: "Daktari, mimi sivuti sigara, nimenunua gesi, mbona mtoto wangu bado anakohoa?" Ziko sababu nyingi za mtoto kukohoa, na daktari hana budi kuzichunguza moja moja. Hata hivyo, sababu mojawapo ni kwamba mtoto huyo hapumui hewa ya nyumba yenu peke yake. Anapumua hewa ya mtaa. Makala ya leo yanahusu jinsi majirani wanavyoweza kukaa pamoja wakajiwekea malengo ya kusafisha hewa hiyo, malengo yanayoweza kupimwa na kutimizwa, tofauti na yale yanayosomwa kwenye baraza na kusahauliwa kabla ya viti kurudishwa.

MOSHI UNAVYOINGIA MWILINI

Moshi si kitu kimoja. Una gesi, na una chembechembe. Chembe zinazotutia wasiwasi zaidi sisi madaktari ni zile ndogo zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo wanasayansi huziita PM2.5. Unywele wa kichwa una upana wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hivyo ungeweza kupanga chembe hizo 20 au zaidi kwenye upana wa unywele mmoja. Vumbi la kawaida la barabarani hunaswa na vinyweleo vya pua na kamasi, nawe ukipiga chafya linatoka. Chembe hizi ndogo hupita vizuizi hivyo vyote, zikashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, mahali ambapo oksijeni huingia katika damu. Huko huleta mwasho na uvimbe, na baadhi yake hupenya hadi ndani ya damu yenyewe.

Ndiyo maana madhara ya moshi hayaishii kwenye kikohozi. Mtu mzima mwenye presha au kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo au kiharusi kwa sababu moshi huidhuru mishipa ya damu na kuifanya damu igande kwa urahisi. Mwaka 2012, shirika la saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuingiza moshi wa dizeli katika orodha ya vitu ambavyo imethibitika kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Oktoba mwaka uliofuata, uchafu wa hewa ya nje kwa jumla ukaingizwa katika orodha hiyo hiyo.

Kwa mtoto mambo ni mabaya zaidi. Mtoto mchanga hupumua kama mara 40 kwa dakika, ilhali wewe hupumua mara 12 hadi 20. Mapafu yake bado yanajengwa. Isitoshe, mara nyingi yuko mgongoni mwa mama, naye mama ameinama juu ya jiko. WHO imekadiria kwamba asilimia 44 ya vifo vya nimonia vya watoto wa chini ya miaka mitano vinatokana na moshi wa majumbani.

JIKO MOJA HALITOSHI

Bila shaka utauliza: ikiwa moshi wa jikoni ndio unaoua, kwa nini tusibadilishe majiko tukamaliza? Swali hilo liliulizwa nchini Malawi katika utafiti mkubwa uliohusisha watoto zaidi ya 10,000 kutoka vijiji 150. Vijiji vingine vilipewa majiko ya kisasa ya kuni yenye feni inayotumia nguvu za jua, ambayo hutoa moshi kidogo. Vingine vikaendelea kupika kama kawaida. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016 yaliwashangaza wengi. Nimonia ya watoto haikupungua. Moja ya maelezo yaliyotolewa na watafiti wenyewe ni kwamba jiko lilikuwa chanzo kimoja tu miongoni mwa vingi. Watoto waliendelea kuvuta moshi mwingine uliokuwapo hapo kijijini, ukiwemo wa taka zinazochomwa na wa tumbaku.

Mimi siuchukui utafiti huo kuwa sababu ya kumkatisha tamaa mama anayeweka akiba anunue mtungi wa gesi. Anunue. Lakini unanionyesha kwa nini mzazi aliyefanya kila kitu nyumbani kwake bado anarudi kliniki. Katika ploti yenye vyumba 12 vinavyotazamana kwenye ua mmoja, ukibadilisha jiko lako peke yako umeondoa moshi wa jiko moja na kubaki na wa majiko 11, pamoja na ule wa pipa la taka linalofuka kwenye kona.

Watu wa London walilijua jambo hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulinaswa juu ya jiji lao na hewa ya baridi, kama unavyonaswa hapa kwetu mwezi wa Julai, ukawa mzito hata makondakta wakalazimika kutembea mbele ya mabasi wakimulika njia. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa vifo 4,000 hivi. Wachunguzi wa baadaye wamekadiria kuwa huenda vilifika 12,000. Sheria iliyotungwa mwaka 1956 iliyapa mabaraza ya miji uwezo wa kutangaza eneo fulani, lenye mipaka inayojulikana, kuwa eneo lisilotakiwa kutoa moshi. Na wenye nyumba katika eneo hilo wakasaidiwa gharama za kubadilisha meko yao. Shika mambo hayo mawili, msomaji: eneo dogo lenye mipaka, na msaada kwa yule anayetakiwa kubadilika. Nitayarudia.

LENGO NA DUA

Mikutano mingi ya usafi ambayo sisi madaktari hualikwa huishia na azimio la "kuhakikisha mazingira safi kwa wote." Hakuna awezaye kulipinga azimio hilo, na hakuna awezaye kulitimiza. Hiyo ni dua. Lengo linasema ni moshi upi, unatoka wapi, ni mwingi kiasi gani leo, utapungua kufikia kiasi gani, lini, na nani atakayesimama mbele ya watu siku hiyo kutoa hesabu. Likikosa hata kimoja, linarudi kuwa dua.

Mfano mzuri wa lengo tunao hapa barani. Mwezi Juni 2001, wajumbe kutoka nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuondoa risasi katika petroli kabla ya mwaka 2006. Risasi hiyo ilitiwa kwenye petroli ili injini ziende vizuri, lakini ikitoka kwenye bomba la moshi humdhuru mtoto ubongo, naye hawezi kuurudisha alichopoteza. Wajumbe hao hawakuahidi kusafisha hewa yote ya Afrika. Walichagua sumu moja, katika bidhaa moja, wakaweka tarehe. Ilipofika Januari 2006, petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa katika eneo hilo lote, Kenya ikiwemo. Dunia nzima haikumaliza kazi hiyo hadi mwaka 2021, Algeria ilipokuwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza.

Mtaa wako hauna uwezo wa serikali, lakini unaweza kuiga namna ile ile ya kufikiri. Chagua moshi mmoja kwanza. Kwa maoni yangu, katika mitaa mingi ya Nairobi moshi huo uwe wa taka zinazochomwa. Nasema hivyo kwa sababu tatu. Ni mbaya sana, kwa kuwa plastiki, raba na nyaya zikiungua hutoa sumu ambazo kuni hazitoi. Hauhitaji mashine kuuona. Na aliyewasha moto huo kwa kawaida mnamjua kwa jina.

JINSI YA KUHESABU

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, watu wawili au watatu wazunguke mtaa kwa majuma manne wakiwa na daftari. Wachague saa mbili maalumu, kwa mfano saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni, na wapite njia ile ile kila siku. Kila moto wa taka wanaouona wauandike: uko wapi, unachoma nini, nani anauangalia. Vijana waliomaliza shule wanaifanya kazi hii vizuri sana. Wahudumu wa afya ya jamii pia wanaweza, kwa kuwa wao tayari huzunguka nyumba kwa nyumba, ingawa wana kazi nyingi na haifai kuwatwika kila kitu.

Mipaka iwe midogo. Huko Dandora, vijana wa kundi la Dandora Transformation League walipoanza kusafisha mtaa walianzia kwenye nyua, yaani ule uwanja mdogo unaozungukwa na nyumba, mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake. Nadhani waliona sawa. Wadi nzima ni kubwa mno. Hakuna anayeona aibu mbele ya wadi. Ploti 40 zinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Tuseme mmehesabu mkapata wastani wa mioto 30 kwa juma. Basi lengo lenu linaweza kuandikwa hivi: "Mioto ya taka kati ya barabara hii na ule mto ipungue kutoka 30 hadi 15 kwa juma kufikia mwisho wa Machi, na isizidi 5 kufikia mwisho wa Septemba. Atakayesoma hesabu ni katibu wa wakazi, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi." Bandikeni karatasi hiyo kwenye duka ambalo kila mtu hununua mkate. Sijaona kitu kinachowafanya watu wazungumzie moshi kama namba iliyoandikwa kwa kalamu nene na ambayo juma lililopita ilikuwa tofauti.

Msiandike sifuri mwaka wa kwanza. Sifuri huvunjika siku ya pili, na watu wakishaona limevunjika huacha kuhesabu.

Aidha, nawasihi msiweke lengo la "kupunguza kikohozi kwa nusu." Najua linavutia, na mimi mwenyewe ndilo ningependa kuliona. Lakini kikohozi huja na virusi, baridi na vumbi, na katika ploti 40 idadi ya watoto ni ndogo mno kiasi kwamba mafua ya mwezi mmoja tu yanaweza kuufanya mtaa uliofanya kazi nzuri uonekane umeshindwa. Hesabuni mioto, kwa kuwa hiyo mnaiweza. Mapafu ya watoto tuachieni sisi kliniki tuyaangalie.

ANAYECHOMA ANA SABABU YAKE

Mkutano sasa uitwe. Na hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa sababu wakazi huja wamekasirika na mtu wa kwanza kushutumiwa ni yule maskini kuliko wote. Mlinzi wa usiku huchoma maboksi na chupa kwa sababu ana baridi. Mtunza ploti huchoma taka kwa sababu gari la taka halikuja juma zima na mwenye nyumba hataki kuona rundo. Kijana huchoma nyaya apate shaba ya kuuza. Kila mmoja wa hao anavuta moshi huo kwa karibu kuliko nyinyi mnaolalamika, na kila mmoja ataendelea kuchoma kesho msipojibu ile sababu yake.

Mlinzi ni rahisi kusaidiwa. Apewe koti zito na chai, gharama ambayo ploti kumi zikichanga haionekani. Kijana wa nyaya ni vigumu zaidi. Shaba inaweza kutolewa kwa kuchuna mpira wa waya kwa kisu, lakini inachukua muda mrefu, na wanunuzi wa vyuma vikuukuu wakikubaliana kununua tu waya uliochunwa, biashara ya kuchoma hufa yenyewe. Ongeeni na wanunuzi, msiongee na kijana peke yake.

Mtunza ploti ndiye anayewasha mioto mingi zaidi, na shida yake ni maganda. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni masalio ya chakula, maganda ya ndizi, sukumawiki iliyooza na kadhalika. Taka hizo ni mbichi. Moto wa taka mbichi hauwaki vizuri. Hufuka siku nzima, na moto unaofuka hutoa chembe nyingi kuliko ule unaowaka kwa ndimi. Maganda yakitengwa na kupewa wafugaji wa nguruwe na mbuzi, au yakageuzwa mbolea, rundo linalobaki huwa dogo, kavu na lisilonuka, na linaweza kungoja gari la taka siku kadhaa bila mtu kutamani kuliwasha. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka inataka tutenge taka zinazooza na zisizooza. Ndoo mbili kwa kila ploti ni mwanzo wa kutosha.

Lipo pia suala la mwenye nyumba. Ikiwa mzoa taka hutoza kila chumba ada ya kila mwezi, wapangaji wengine hawatalipa, na wasiolipa ndio hutupa taka zao usiku. Dawa niliyoona ikifaa ni ada hiyo kuingizwa katika kodi ya nyumba. Wenye nyumba hawaipendi. Wakumbusheni kwamba Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu moshi unaodhuru afya kuwa kero, na kwamba afisa wa afya ya umma anaweza kumwandikia mwenye ploti notisi ya kuuondoa. Lakini notisi iwe ya mwisho. Mtaa unaoanza kwa kuwashtaki watu hupata mioto inayowashwa saa nane za usiku, na hiyo haihesabiki.

HESABU SUFURIA, USIHESABU MITUNGI

Mioto ya taka ikishuka, nendeni kwenye moshi wa pili, ule wa kupikia. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia nchini Kenya zilikuwa zikipika kwa kuni. Mijini gesi imeenea zaidi, lakini usidanganywe na mtungi uliosimama kwenye kona. Nyumba nyingi zina gesi ya chai na mayai, na jiko la makaa la maharagwe na githeri. Kwa hivyo lengo la "nyumba 10 ziwe na gesi" linaweza kutimizwa kikamilifu bila moshi kupungua. Ulizeni badala yake: jana jioni, chakula cha nyumba hii kilipikwa kwa nini? Hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Bei ya gesi haimo mikononi mwa mtaa. Kodi yake iliondolewa mwaka 2016, ikarudishwa Julai 2021 kwa asilimia 16, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa tena mwaka 2023, na kila mara akina mama walipiga hesabu upya. Kilichomo mikononi mwenu ni chama. Akina mama ambao tayari huchangiana kila mwezi wanaweza kukubali kwamba zamu ya kila mmoja inunue mtungi na jiko lake kabla ya vyombo. Kuloweka maharagwe usiku kucha hupunguza saa za moto, na hakugharimu chochote. Mafuta ya taa nayo, ambayo wengi huyaona kuwa hatua ya katikati, WHO ilishauri mwaka 2014 yasitumiwe nyumbani kwa sababu moshi wake una madhara yake mwenyewe, mbali na kuungua na watoto kuyanywa kwa bahati mbaya.

Neno moja kuhusu jiko la makaa, hata kama liko nje ya mada kidogo. Makaa yaliyokolea, yasiyo na moshi hata kidogo, ndiyo yanayoua watu usingizini. Yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Usiingize jiko chumbani wakati wa baridi ukafunga mlango. Hakuna namna salama ya kufanya hivyo.

KUHUSU VIFAA VYA KUPIMA

Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kupima PM2.5 ambavyo shule au kanisa linaweza kuvimudu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda wameunda vyao, kwa jina AirQo, vinavyostahimili vumbi na joto la huku kwetu. Kifaa kama hicho ni msaada, lakini kisiongoze mkutano. Hupima kwa kumulika mwanga kwenye hewa na kuangalia jinsi unavyotawanywa na chembe, na matone ya ukungu huweza kukidanganya kikaandika namba kubwa kuliko ilivyo. Kikiwekwa juu ya kibanda cha chipsi kitapima chipsi. Kiwekwe mita mbili au tatu kutoka ardhini, mahali pa wazi, mbali na jiko lolote, na kisihamishwe.

Muhimu zaidi ni kulinganisha msimu na msimu wake. Mvua ya Aprili huosha hewa. Mtaa ukianza kupima Februari ukamaliza Mei, utasherehekea kazi iliyofanywa na mawingu. Julai ya mwaka huu ilinganishwe na Julai ya mwaka ujao.

Na namba yenyewe ina maana gani? WHO mwaka 2021 ilipendekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za PM2.5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Ikijua kwamba nchi nyingi ziko mbali na hapo, iliweka ngazi za kupitia: 35, kisha 25, 15 na 10. Kanuni za Kenya za mwaka 2014 ziliweka kikomo cha 35 kwa mwaka. Watafiti waliopima hewa katika mitaa miwili ya Nairobi, na matokeo yao kuchapishwa mwaka 2016, walipata wastani wa 166 Korogocho, karibu na jaa la Dandora, na 67 Viwandani. Hata ukiacha nafasi kubwa kwa tofauti za vipimo, utaona kwamba kuwaahidi watu wa Korogocho namba 5 ni kuwadhihaki. Wapewe ngazi moja kwa wakati. Kila ngazi ina faida yake kwa moyo na mapafu, hata ile ya kwanza kabisa.

MOSHI USIOKUWA WENU

Kuna moshi ambao mtaa hauwezi kuuhesabu hadi ukaisha. Matatu zinazopita barabara kuu ni za jiji zima. Ni kweli kwamba tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa nchini inatakiwa iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na hiyo ni hatua kubwa, lakini injini kuukuu isiyotunzwa itatoa moshi mweusi hata kwa mafuta mazuri. Hata hivyo, steji ni yenu. Mnaweza kukubaliana na sacco kwamba gari linalongoja abiria kwa zaidi ya dakika chache lizime injini, hasa steji ikiwa karibu na shule. Hilo nalo linahesabika: kati ya matatu kumi zilizosimama saa moja asubuhi, ngapi zilikuwa zimezima?

Kiwanda ni jambo lingine kabisa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Walipimwa damu, risasi ikaonekana, na mwanaharakati Phyllis Omido akaongoza kampeni iliyofikia kufungwa kwa kiwanda hicho mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo mwaka 2023, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia fidia hiyo. Hesabu mwenyewe miaka hiyo yote, na wakati huo kuna waliokuwa wagonjwa na wengine walikufa wakingoja.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba umeshapata hasara au kuumia. Ikiwa moshi wenu unatoka kwenye bomba la kiwanda, lengo lenu libadilike sura. Liwe la tarehe na karatasi: barua kwa NEMA kufikia mwisho wa mwezi huu, majibu yafuatiliwe baada ya siku 30, daftari la saa ambazo moshi hutoka, picha, na rekodi za matibabu za wale walio tayari kuzitoa. Damu iliyopimwa mapema ndiyo iliyowasaidia watu wa Owino Uhuru mbele ya jaji.

Wakati namba kwenye karatasi ya duka inaposhuka polepole, watoto wanaendelea kupumua. Kwa hivyo jua dalili za hatari. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni za haraka kupita kiasi. Tazama pia kifua chake: sehemu ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, au midomo ikigeuka rangi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na ukifika mweleze daktari unapika kwa nini, na jirani yako anachoma nini.